Flashi Mbili za Nduta

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Nduta aliazima simu ya shangazi yake na kumflashi baba yake, yaani kupiga na kukata kabla hajapokea. Nduta alikuwa darasa la sita. Alikaa Bungoma kwa shangazi kwa sababu baba yake, Mzee Kibe wa Kitale, alikuwa amesikia kwamba shule za huko zinapitisha wanafunzi. Flashi moja ilimaanisha, niko salama. Flashi mbili zilimaanisha, nipigie, nina shida. Kanuni hiyo aliitunga Kibe mwenyewe, tena akajisifu nayo soko zima.

Huyo Kibe! Aliuza vipuri vya baiskeli, na hapakuwa na jambo asilolijua. Alijua dawa ya kuku, alijua mvua itanyesha lini, na kulea watoto alikujua kuliko mwalimu na daktari ukiwaweka pamoja. Jambo moja tu lilimshinda: kunyamaza amsikilize mtu.

Muhula wa pili flashi zikaanza kuja mbili mbili. Kibe alitazama simu, akacheka mbele ya wateja.

"Oneni, ananifrashi tena! Huyu anataka pesa ya mandazi tu, bana. Sisi tulienda shule bila viatu, nani alituuliza kama tuna shida?"

"Baba Nduta, si umpigie tu?" mkewe, Rahab, alimsihi.

"Wewe ndiye unamdekeza!"

Basi hakupiga. Lakini mtu wa kumletea spoki za magurudumu alipochelewa, alimpigia mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Mzazi wa ajabu huyo!

Huko Bungoma, Nduta alikuwa na ulimi wa kwao. Neno "dawati" lilimtoka "ndawati", na "basi" ikawa "mbasi". Wasichana fulani wa darasa la saba waliifanya hiyo kuwa sinema yao. Kila mapumziko walimzingira nyuma ya darasa. "Sema dawati! Arisema nini? Ndawati!" Walimcheka hao hao ambao jioni huenda "kurara" badala ya kulala, wala hawakuona haya. Kisha maneno yakawa makofi, na chakula chake kikamwagwa mchangani.

Nduta akaacha kuongea. Akaacha kula vizuri, na alama zake zikaporomoka. Shangazi alisema mtoto amenuna, ana kiburi. Watu wazima kila upande, na hakuna aliyeuliza swali moja la maana!

Ijumaa moja simu ya Kibe ililia na kukatika, ikalia na kukatika. Mama Suad, jirani aliyeuza nguo karibu na msikiti, alikuwa amekuja kuazima kiti.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Si ni Nduta tu. Anataka—"

"Umemuuliza?"

Kibe alifungua mdomo kujieleza. Mama Suad aliichukua simu, akapiga mwenyewe, akambandikia sikioni. Rahab alisogea karibu ili asikie.

"Baba," Nduta alisema huku akilia, "wananipiga kila siku. Nimechoka. Wakati mwingine natamani nisiamke tena."

Kibe alishtuka. Hata hivyo tabia ni tabia, akaanza, "Jikaze, mama, sisi zamani hatukuwa na viatu—"

"Nyamaza wewe!" Mama Suad alimkata. "Mtoto anasema hataki kuamka, nawe unamletea habari za viatu? Mwambie unakuja. Halafu sikiliza!"

Kibe akasema, "Nduta, tunakuja sasa hivi. Kaa karibu na shangazi, usibaki peke yako."

Shangazi alipoelezwa yote kwa simu aliona aibu, akakaa na Nduta bila kumwacha hata kidogo. Usiku huo huo Kibe na Rahab walifika. Kibe aliketi nyasini, akamwambia binti yake, "Nieleze." Kisha akanyamaza. Kunyamaza kwenyewe kulimtoa jasho, lakini alinyamaza mpaka Nduta akamaliza. Hapo ndipo Kibe alipolia, tena mbele ya watu.

Jumatatu walikwenda shuleni kwa Mwalimu Nasimiyu, mwalimu wa ushauri nasaha. Wasichana wale waliitwa pamoja na wazazi wao, wakaadhibiwa, na walimu wakaanza kuzunguka uwanjani wakati wa mapumziko. Nduta aliomba apumzike nyumbani Kitale kwanza, akakubaliwa. Mwalimu Nasimiyu aliendelea kuzungumza naye kwa simu, na aliporudi shule, alirudi kwa hiari yake, akisindikizwa na baba.

"Nduta, ulifanya vizuri kuendelea kuita," mwalimu alimwambia. "Mtu mzima mmoja asiposikia, mwambie mwingine, mpaka apatikane wa kusikia." Kisha akamgeukia Kibe. "Nawe mzee, mtoto akinyamaza ghafla, akikataa kula, hajanuna. Anaumwa moyoni. Muulize, umsikilize, wala usimcheke."



Juma lililofuata simu ililia dukani mara moja, ikakatika. Kibe aliweka spana chini akapiga.

"Mandazi tena?" mteja mmoja alimdhihaki. Kibe alimgeuzia mgongo.

"Baba," Nduta alisema, "mbona unapiga? Hiyo ilikuwa flashi moja. Niko salama."

"Najua, mama," Kibe alisema. "Nataka kusikia ukisema."