Hodi Nyuma ya Mwezi

Kibashiri kilikuwa kimemeza filamu zote za wageni wa angani, na sasa kilizionyesha ukutani kwa pamoja huku kikivuma kama mzinga wa nyuki. Akili unde hiyo ilitakiwa kuishauri dunia: chombo kigeni kilichosimama nyuma ya mwezi kilitaka nini? Juzi kilitoa mlio mmoja, kikanyamaza. Jana kikalia tena, kikanyamaza.

Mhandisi Zaina Shekiondo, aliyekiunda Kibashiri pale Kituo cha Anga, Tanga, alikuwa akicheka mpaka machozi. Kushoto, filamu za Wamarekani wa kale: wageni wanashuka bila salamu, wanachoma miji, jeshi linawatandika. Kulia, za Wasovieti: wageni wapole wenye huzuni, na kufumba na kufumbua wameketi na wenyeji wanajadili maana ya maisha.

"Jibu limetoka," alisema Bwana Mhina, mkuu wa kituo, jasho likimtiririka. "Wamarekani wanasema ngao. Wasovieti wanasema hotuba. Filamu za Marekani ni nyingi zaidi, basi nawasha ngao ya kuikinga dunia." Akaweka mkono juu ya kitufe.

"Mkuu, hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona mgeni! Hawa walimwogopa jirani, wale walimtamani ndugu. Kila mtu kajipiga picha mwenyewe."

"Haya, wewe unasemaje?"

Kicheko kilimkauka Zaina. "Kwenu mgeni akifika anafanyaje?"

"Anabisha hodi."

"Asipoitikiwa?"

"Anarudia, mpaka mara tatu. Ya tatu ikipita kimya, anakwenda zake. Ndiyo adabu..." Mhina aliacha mdomo wazi.

Wakati huohuo mlio wa tatu ukaingia.

Mkono wa Mhina ulikuwa bado juu ya kitufe cha ngao. "Ukikosea, mwanangu, tumekwisha."

"Na ukikosea wewe, baba, hawatarudi tena."

Mhina akauondoa mkono. Zaina aliurudisha mlio uleule angani, kisha akaongeza: "Karibuni!"

Walingoja. Chombo kikajitokeza taratibu nyuma ya mwezi, kikasogea kidogo, kikasimama na kupunguza taa zake. Hakikuthubutu kupita hapo.

"Wako mlangoni," Zaina alisema, akilia kwa furaha. "Wanasubiri tutoke tuwapokee."

Bwana Mhina, yule wa ngao, aliitazama dunia kwenye skrini, moshi wake na vita vyake, akajishika kichwa.

"Masikini! Na nyumba yenyewe hatujafagia!"