Aliyeitika Gahanga

Walikuwa wamebakiza nusu saa tu kufika nyumbani Remera, Évode alipopunguza mwendo na kuegesha gari pembeni mwa barabara ya Gahanga. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima. Ulibaki ule mwanga wa saa kumi na mbili kasoro, mwanga usio na joto.

"Dakika kumi, Mama Kaliza," alisema. "Yule ndege wa mafunjo. Nimemkosa kila mahali, pengine hapa iko."

Athanasie hakubisha. Ilikuwa siku ya sita ya safari, na alijua kwamba dakika kumi za mumewe ni robo tatu ya saa. Isitoshe, naye alikuwa ameona la kwake. Upande wa juu wa barabara, mbele ya nyumba ndogo ya matofali, mtu alikuwa ameanika maharage kwenye turubai, na hata kutoka ndani ya gari aliona kwamba rangi ile hakuwa nayo.

Walistaafu mwaka ule ule mmoja. Évode alikuwa amepima barabara za serikali kwa miaka thelathini na mbili. Alipokabidhi vifaa vya kazi alinunua kinasa sauti kidogo, akaanza kunasa sauti za ndege. Athanasie alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, yule anayemlaza mgonjwa usingizi kabla ya kisu, kisha akaketi upande wa kichwa kusikiliza anavyopumua. Yeye alichagua maharage. Alikusanya mbegu za kila aina, kila aina na chupa yake, na karatasi yenye jina la kilima ilikotoka. Kwa miaka mitatu waliishi kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Mmoja anatoka alfajiri kwenda kusikiliza ndege, mwingine anashinda sokoni Kimironko akipekua magunia. Wakikutana mezani wanakula.

Binti yao Kaliza ndiye aliyewaambia, "Papa anataka mabonde, Mama anataka masoko. Si muende pamoja?"

Wakaenda. Wakapita Huye, wakashuka mpaka Rusizi, wakapanda Musanze, wakazunguka Kayonza na kurudi kwa njia ya Bugesera. Na kuna kitu kilianza kurejea kati yao. Siku ya tatu Évode alimshikia chupa akimimina mbegu, akauliza, "Hii inaitwaje?" Siku ya nne Athanasie alivaa hedifoni za mumewe, akasikia korongo wawili wakiitana kwenye ukungu, akacheka, na Évode naye akacheka. Athanasie hakukumbuka mara ya mwisho walipocheka kwa jambo moja.

Basi Évode akachukua kinasa sauti, akashuka bondeni kwa kijia cha ng'ombe. Mafunjo yakamfunika mpaka kofia.

Athanasie akavuka barabara, akapanda.

Mwenye maharage alikuwa mwanamke wa rika lake, jina lake Béatha, kitambaa cha bluu kichwani. Alikuwa anakusanya turubai kabla ya umande. Wakaamkiana, mwiriwe, mwiriwe neza, kisha Athanasie akachuchumaa na kuyagusa. Yalikuwa ya zambarau, yenye mstari mweupe tumboni.

"Hii ni mbegu ya hapa hapa?"

"Ya hapa hapa, mama. Ya mama mkwe wangu." Béatha akachota kopo la kwanza, akamimina kwenye mfuko wa kitambaa. "Umekuja peke yako?"

"Na mzee wangu. Yeye iko chini bondeni, anasikiliza ndege."

Mkono wa Béatha ukasimama juu ya kopo.

"Kamtoe," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini usimwite. Shuka umshike mkono, mpande naye. Usimwite kwa jina."

Athanasie alitaka kuuliza kwa nini. Hakuwahi.

Vyura walikuwa wamenyamaza. Wote kwa pamoja...

Na kutoka bondeni ikaja sauti ya mwanamke.

"Évode..."

Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake mezani, chakula kimeshapakuliwa. Athanasie aliifahamu, ingawa ilimchukua muda kujua ni ya nani, kama mtu anavyoshangaa kujisikia kwenye simu.

Ilikuwa sauti yake.

Akaugusa mdomo wake kwa vidole. Ulikuwa umefungwa. Sauti ikaita tena, ikimwambia aje.

"Évode... ngwino."

"Karame," Évode akaitika.

Ndivyo watu wa zamani walivyoitika kwa heshima, na ndivyo alivyomwitikia mkewe siku zote, hata ile miaka waliyokuwa hawana la kuambiana. Aliitika bila kusita, kwa furaha kidogo, kama mtu aliyefanikiwa kupata alichokuwa anatafuta na anataka kukionyesha.

Kisha vyura wakaanza tena.

Béatha alimaliza kujaza mfuko, akaufunga fundo, akamwekea Athanasie mkononi. "Chukua tu," alisema. Hakumtazama.

Athanasie alishuka mpaka kwenye gari. Miguu ilikwenda yenyewe. Alisimama kando ya mlango akitazama kijia, na baada ya muda, mwanga ukiwa umebaki kidogo sana, Évode akatokea. Alipanda polepole, kinasa sauti mkononi. Kofia iko sawa. Koti limefungwa vifungo vyote.

"Umechelewa," Athanasie alisema. Halikumjia neno jingine.

Évode akafungua mlango wa nyuma, akaketi.

"Endesha wewe," alisema.

Katika miaka thelathini na tisa ya ndoa hakuwahi kumwachia usukani. Athanasie akawasha gari. Kwenye kioo alimwona ameketi katikati, mikono juu ya magoti, anatazama mbele. Viatu vyake vilikuwa vikavu, havina hata tope. Lakini ndani ya gari kulikuwa na harufu, ile ya nguo iliyoanuliwa mbichi ikasahauliwa kabatini.

Wakapita Kicukiro, wakapita Sonatube, taa zote za jiji zikiwaka.

Nyumbani Évode alikula, akanawa, akalala chali. Athanasie akaketi kando ya kitanda, akashika kifundo cha mkono wake kama alivyoshika vifundo vya maelfu ya watu. Mapigo sitini. Asubuhi, Évode alipotoka kupanda ngazi za nyuma na ndoo mbili za maji, akamshika tena.

Sitini.

"Uko salama, Papa Kaliza?"

"Niko salama."

"Umempata ndege?"

"Nimempata."

Alijibu kila alichoulizwa. Aliulizwa jina la shule aliyosoma Bujumbura, akajibu. Aliulizwa nani alisimamia harusi yao, akajibu, na jina la padri akaongeza. Ila yeye hakuuliza kitu chochote. Alipokaa, alikaa. Ndege walilia kwenye mparachichi wa jirani na hakuinua macho.

Siku ya pili mchana, Évode akiwa ameketi barazani, Athanasie alifunga mlango wa chumba, akavaa hedifoni, akasikiliza kinasa sauti.

Kwanza upepo kwenye mafunjo. Vyura. Évode anataja mahali na saa, kama desturi yake. Kisha ndege, mmoja, karibu sana, mlio mzuri wa kupanda na kushuka. Pumzi ya Évode ikakatika kwa raha.

Vyura wakanyamaza.

"Évode..."

Kinasa sauti kikawekwa chini. Ilisikika wazi: plastiki juu ya jiwe.

"Évode... ngwino."

"Karame."

Hatua. Tope. Kisha maji, ya kifundoni, ya magotini, ya kiunoni. Mtu anatembea ndani ya maji bila haraka, anakwenda mbali. Maji yakatulia. Dakika tatu zikapita, nne, za vyura tu.

Hakuna aliyerudi kutoka majini.

Badala yake, pumzi. Karibu kabisa na kinasa sauti, kana kwamba ilikuwepo hapo tangu mwanzo, ikisubiri zamu yake. Mkono ukakiokota. Nyasi zikasuguana na nguo. Hatua kavu zikapanda kilima. Halafu sauti ya Athanasie mwenyewe, hii ya kweli:

"Umechelewa."

Athanasie akavua hedifoni. Alingoja kulia, kilio hakikuja. Alingoja woga, nao ulikuja kidogo tu, kama maumivu yanayosikika kwa mbali mtu akiwa bado kwenye dawa. Akatoka, akaenda jikoni kuloweka maharage ya jioni.

Siku ya tatu alimpakia Évode kwenye gari. Hakuuliza wanakwenda wapi. Akaketi nyuma, katikati.

Béatha alikuwa nyumbani. Mlangoni kwake, kwenye benchi, ameketi mwanamume mwenye mvi akimenya maharage. Anachukua ganda, anapasua, anaangusha mbegu, anachukua jingine. Hakuinua kichwa. Athanasie alimtazama kwa muda, akaketi kando ya Béatha juu ya turubai.

"Ni mume wako?"

"Clovis. Alishuka kukata nyasi za ng'ombe."

"Lini?"

"Miaka kumi na moja sasa."

"Anakula?"

"Anakula. Analala. Hana ubaya, mama. Ukimtuma kazi anafanya, hachoki." Béatha alisema hivyo kama mtu anayesifu chombo cha ndani. "Utazoea. Mwanzo ni usiku ndio mgumu. Baadaye hata usiku ni sawa."

"Na wako mwenyewe, aliyebaki bondeni?"

Béatha akachambua maharage kidogo, akatupa yaliyotobolewa.

"Alikuwa anaita. Mwaka wa kwanza wote, kila jioni. Béatha, Béatha... Sikuitika."

"Kwa nini hukuitika?"

"Juzi ulisikia sauti yako bondeni. Ulikuwa wewe?"

"Hapana."

"Basi na mimi ningejuaje kama ni yeye?"

Athanasie akaokota harage lililoanguka, akalirudisha kwenye turubai.

"Jirani yangu Yasmina aliitika," Béatha akasema. "Alisema sauti ya mume wake hawezi kuikosea. Sasa pale kwake wanakaa wawili kama huyu. Wametulia. Shamba lao ni safi kuliko yote."

Saa kumi na mbili ilipokaribia, Athanasie alirudi kwenye gari na kuketi mbele ya usukani. Kioo cha upande wa bonde alikiacha wazi. Évode alikuwa nyuma yake. Giza lilikuwa linapanda kutoka chini, polepole, likimeza mafunjo safu kwa safu.

Vyura wakanyamaza.

"Mama Kaliza..."

Sauti ilikuwa na ule mkwaruzo wa mtu mwenye kifua. Évode alikohoa hivyo kila msimu wa mvua, naye Athanasie alimchemshia tangawizi.

"Mama Kaliza, miguu yangu imeloa. Leta taa. Sioni njia."

Athanasie akashika mlango.

Kazini, upasuaji ukiisha, yeye ndiye aliyewaita wagonjwa warudi. Aliinama sikioni, akamwita mtu kwa jina lake. Amka, imekwisha, rudi. Wengine walichelewa, wengine walirudi wakilia, lakini aliwaita wote, na hakuwahi kumwacha mtu huko kwa sababu hakuwa na hakika. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Pumzi ilikuwa imeshavutwa.

Mkono ukatua begani mwake kutoka nyuma. Haukuwa wa baridi wala wa joto.

"Usiitike," Évode akanong'ona.

Lilikuwa neno la kwanza alilolisema bila kuulizwa tangu waliporudi. Athanasie alimtazama kwenye kioo. Alitafuta usoni mwake kama anamwonea huruma mkewe au anajitetea mwenyewe, akatafuta kama alivyozoea kutafuta dalili kwenye uso uliolala. Hakuona kitu.

"Mama Kaliza... nasikia gari. Ni wewe?"

Akapandisha kioo. Akawasha gari. Alipofika Kicukiro alisimama kwenye taa nyekundu kama kawaida, akampisha mama mwenye mtoto mgongoni.

Wiki zikapita. Kaliza alipiga simu kila Jumapili na Évode alimjibu yote aliyoulizwa. "Papa siku hizi ni mtulivu," Kaliza alisema. "Ile safari iliwafaa." Athanasie akasema ndiyo, iliwafaa. Alipika. Alifua. Harufu ya nguo mbichi aliacha kuisikia, au iliisha. Usiku alilala, na akagundua kwamba Béatha alisema kweli, hata usiku ulikuwa sawa.

Mpaka Jumanne moja mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshika. Walikuwa mezani. Évode aliacha kutafuna, akageuza kichwa upande wa kusini.

"Ametoka bondeni," alisema.

"Nani?"

Évode akaendelea kula.

Alhamisi, saa ile ile: "Yuko Kicukiro. Anatembea polepole."

Jumamosi: "Amefika Sonatube. Anauliza watu njia, hawamsikii."

Athanasie aliweka kijiko chini. Kwa mara ya kwanza tangu ile jioni alihisi kitu kifuani, kitu kidogo chenye ncha, na hakujua kama ni woga au ni furaha. Alikaa nacho usiku kucha kama anayelinda kibiriti kisizimwe na upepo.

Jumapili, giza lilipoingia, mbwa wa mtaa hawakubweka. Évode aliinuka mezani mwenyewe, akasimama katikati ya sebule, mikono imelegea.

"Yuko kona ya duka," alisema.

Athanasie akatoka uani bila mwavuli. Nje, kwenye barabara ya mawe, zilikuwa zinakuja hatua, viatu vilivyojaa maji, moja baada ya nyingine. Zikasimama nyuma ya geti. Mtu akakohoa, akavuta pumzi ya kutaka kusema.

Athanasie akafunga komeo la juu, kisha la chini. Akatia kufuli. Halafu akarudi ndani mbio, kiganja amekibana mdomoni kwa nguvu, asije akaitika.