Mlenda Wenye Sura Tano

Kila asubuhi ya likizo Erica aliketi kwenye kigoda uani kwao Majengo, akachekecha mlenda. Mama yake, Yudith, alikuwa ameshauchekecha jana yake, na akina mama wa Hombolo waliouchuma na kuutwanga walikuwa wameuchekecha kabla ya hapo, lakini katika nyumba ile mchanga ulihesabiwa kuwa adui wa taifa. Majani yalioshwa, yakaanikwa juu ya vichanja ili upepo wa Dodoma usiyatie vumbi, yakatwangwa, yakachekechwa, kisha yakachekechwa tena. Mlenda ukilia kwenye meno, Mama alikuwa akisema, huo si mlenda, hiyo ni barabara.

Baada ya hapo ulijazwa kwenye mifuko ya karatasi ya njano, na kila mfuko ukagongwa muhuri wa kobe wa kijani. Kobe hakuwa na uhusiano wowote na mlenda. Mchonga mihuri mmoja wa mjini alikuwa ameuchonga muhuri huo kwa ajili ya kikundi cha kuweka akiba, kikundi kikavunjika kabla ya kuja kumchukua kobe wao, na Mama akauziwa kwa bei ya huruma. Lakini miaka ilivyopita watu walimzoea. Alikuwa kwenye mifuko, kwenye magunia, kwenye kitambaa cha meza ya sokoni, hata kwenye picha ya simu ya Mama. Wasiojua kusoma, na makarani wanaojua kusoma kupita kiasi, wote walifika mezani na kusema neno moja: nipe wa kobe.

Erica alimwonea kobe aibu. Alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni, na huko alikuwa amejifunza mambo mengi ya maana, kama vile kulala akiwa amefumbua macho wakati wa kujisomea usiku. Pia alikuwa amejifunza, katika klabu ya kompyuta, kutengeneza vibandiko vya rangi vyenye maandishi yanayong'aa. Mtu mwenye elimu kiasi hicho, alimweleza binamu yake Tumsifu, hawezi kumaliza likizo akigonga kobe.

Mwezi ule wa Juni Mama alilazimika kwenda Hombolo kumsaidia bibi kuvuna mtama. Alimwachia Erica meza ya sokoni pamoja na oda ya Bi Sikudhani, mama lishe wa Msalato aliyewapikia mafundi wa ujenzi. Oda hiyo ndiyo iliyomaliza sehemu kubwa ya mlenda wa Hombolo. Bi Sikudhani angeacha kununua, magunia ya wale akina mama yangebaki ndani kwao yakiliwa na wadudu, na Mama alilisema jambo hilo mara mbili kabla ya kuondoka. Mama yake Tumsifu, muuguzi wa zamu za usiku, alipewa kazi ya kuwaangalia watoto mchana, naye aliifanya akiwa amelala.

Siku Mama alipoondoka, Erica alifungua kikao. Yeye alikuwa spika, waziri na mtoa hoja. Tumsifu alikuwa wabunge wote waliobaki. Erica alieleza kwamba kila mteja anastahili sura anayoipenda. Maofisa wanaonunua kwenye duka la Thobias wapewe mfuko wenye taji la dhahabu. Wanachuo wapewe simba aliyevaa miwani ya jua. Mafundi wa Msalato, kwa kuwa wanajenga uwanja wa ndege, wapewe ndege. Tumsifu aliuliza kama Mama Yudith anajua. Erica akamjibu kwamba mbunge anayeuliza maswali ya namna hiyo hutolewa nje, na hoja ikapita bila kupingwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, na huo ndio ubaya wa mambo mabaya. Watu walicheka. Wanachuo walijipiga picha na simba. Thobias alimwita Erica malkia na kumkaribisha soda. Picha ya kobe kwenye simu ya Mama, aliyoiacha kwa ajili ya biashara, iliondolewa, likawekwa taji, kisha simba, kisha ua la waridi ambalo halikuwa na kazi yoyote. Kitambaa cha kobe kilikunjwa na kutiwa chini ya meza. Mabibi wachache waliokuja kutafuta wa kobe walizunguka meza mara moja, wakaondoka, na Erica hakuwaita, maana alikuwa akichagua rangi.

Meza ya pili kutoka kwao ilikuwa ya Halfani, muuza dagaa na karanga. Halfani naye aliuza mlenda, ila wa kwake ulianikwa chini, kando ya barabara, na mteja uliyemsaga meno mara moja hakurudi. Kwa miaka mingi alikuwa ameutazama mlenda wa Yudith ukiondoka na wa kwake ukibaki. Sasa akaona jambo jipya: jirani zake wanabadilisha sura kila baada ya siku chache, na hakuna mteja anayeshangaa.

Wiki ya pili Erica alichelewa kupeleka mzigo wa Msalato. Alikuwa dukani kwa mchapishaji tangu asubuhi, akisubiri vibandiko, na Tumsifu alikuwa naye kwa sababu kikao hakiwezi kufanyika bila wabunge. Bi Sikudhani alipoona sufuria linangoja, alimtuma kijana wa bodaboda aje kuchukua mlenda sokoni. Kijana akaikuta meza haina mtu. Halfani akamwita kwa upole, akamwuliza anatafuta nini, na kumpa mifuko iliyobandikwa picha ya ngamia. Alisema ni ya kwa Mama Erica, sura mpya, siku hizi wanabadilisha sana. Kijana hakuona la ajabu. Mzigo uliopita aliouona Msalato ulikuwa wa ndege, taji na simba kwa pamoja, na uliotangulia wa kobe.

Mama alirudi kutoka Hombolo Jumamosi, akiwa bado na vumbi miguuni. Alisimama mbele ya meza yake mwenyewe kama mgeni anayeuliza njia. Kabla hajauliza chochote, bajaji ilisimama, akashuka Bi Sikudhani na kikapu.

"Shikamoo mama," Erica alisema.

"Marahaba," Bi Sikudhani alijibu bila kumtazama. Kisha akamgeukia Yudith. "Mama Erica, miaka yote nimekula kobe wako, sijawahi kulalamika. Juzi umenilisha ngamia. Fundi mmoja amevunjika jino mbele ya wenzake. Unajua sasa wanapaitaje pale kwangu? Kwa Mama Kokoto. Wamehamia kibanda cha pili, na wakipita wananisalimia wakiwa wameshika mashavu."

Mama alichukua mfuko wa ngamia, akaumimina kidogo kiganjani, akasugua kwa kidole. Hakuhitaji kuonja. "Dada, huyu simjui," alisema. "Mimi nina kobe tu."

Bi Sikudhani aliingiza mkono kikapuni. Alitoa mfuko wa ndege, akauweka mezani. Akatoa wa taji. Akatoa wa simba. Erica alikuwa amemtumia masalio ya kila aina pale vibandiko vya ndege vilipoisha.

"Huyu ndege ni wa nani?"

Mama akamtazama Erica. Erica akatazama miguu yake.

"Ni wetu," alisema.

"Na taji?"

"Letu."

"Na simba mwenye miwani?"

"Wetu pia."

"Basi nieleze, mwanangu," Bi Sikudhani alisema, na sauti yake haikuwa na hasira tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Ningemjuaje ngamia kuwa si ndugu yao?"

Kwenye meza ya pili Halfani alikuwa akichambua dagaa kwa umakini ambao dagaa hawajawahi kuupata. Mama alimwendea. Halfani alisema hakuandika jina la mtu popote na hakumchora kobe; yeye ameona tu kwamba watu siku hizi wanapenda picha. Walipelekana kwa uongozi wa soko. Mwenyekiti aliipanga mifuko yote juu ya meza, akaitazama kwa muda mrefu, akamwuliza Mama ni alama gani yake ambayo Halfani ameiiga. Halfani hakuwa ameiga chochote. Alikuwa ameongeza mmoja tu kwenye kundi ambalo Erica alikuwa amekwisha kulichanganya. Kuhusu maneno aliyomwambia kijana wa bodaboda, Halfani alikana, na kijana hakuwa na shahidi.

Erica alingoja kuchapwa. Angefarijika kuchapwa, kwa kuwa fimbo huisha. Mama alimpa gunia tupu na kumwambia aende akaikusanye mifuko yote, kila mahali alikoipeleka, na kila mahali aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mlenda wao ni wa kobe na hakuna mwingine.

Akaenda. Kwa Thobias alikuta wateja watatu, ikabidi aseme mbele yao. "Kumbe malkia amepinduliwa," Thobias alisema, na safari hii hapakuwa na soda. Wanachuo waligoma kwanza kumrudisha simba, wakasema ni wao, kisha mmoja akauliza, hivi ule wa ngamia nao ulikuwa wenu, maana ulimwuma rafiki yangu? Erica akarudia maneno aliyoagizwa. Kila alipoyarudia yalizidi kumkauka mdomoni.

Vibandiko havikubanduka. Vilikuwa vizuri mno kwa hilo. Mchapishaji alikuwa amemhakikishia kwamba havitoki hata kwa maji. Ilibidi mifuko ichanwe, mlenda umwagwe kwenye ungo, uchekechwe upya, utiwe katika mifuko mingine ya njano. Tumsifu alikuja kusaidia bila kuitwa. Alisema bunge limevunjwa na yeye sasa ni raia wa kawaida. Erica hakucheka, lakini alisogea ampishe kwenye mkeka.

Mama alitoa kitambaa chini ya meza, akakifua na kukipiga pasi. Kobe akarudi kwenye simu, kwenye magunia, kwenye kikapu cha baiskeli ya Tumsifu, palepale alipokuwa, rangi ileile, akitazama upande uleule. Erica alipogonga muhuri mmoja ukatokea hafifu upande wa miguu, Mama aliurudisha. Akaurudisha na wa pili. Mteja asipewe sababu ya kuinamia mfuko na kuuchunguza, alisema.

Kabla likizo haijaisha, mama mmoja alifika sokoni amekasirika, mkononi ana mfuko wa ngamia. Erica akajiandaa kutukanwa. Yule mama akampita, akausukuma mfuko mbele ya Halfani. "Wa Yudith una kobe," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza mchele. "Huu wako, kaule mwenyewe." Wengine wawili walifuata siku hiyohiyo. Ngamia alikuwa amebaki peke yake uwanjani, hana ndugu wa kujificha nyuma yao, na juma lililofuata Halfani alimwondoa na kurudi kwenye dagaa. Mabibi waliokuwa wamepotea walianza kujitokeza mmojammoja. Meza ya Majengo ilikuwa imepona.

Ndipo Mama na Erica wakaenda Msalato na gunia la kobe. Bi Sikudhani aliwapokea vizuri, akawapa maji ya kunywa, akaufungua mfuko mmoja na kuonja. Alisema mlenda ni uleule wa zamani.

"Nakuamini, Mama Erica," alisema. "Lakini wanaokula si mimi. Wamerudi nusu tu, tena kwa sharti kwamba hapa hapapikwi mlenda. Nikiuweka mezani, mmoja atashika shavu, wengine watacheka, na wataondoka tena. Siwezi."

Mama alimshukuru. Walilibeba gunia kati yao, kila mmoja upande wake, wakarudi kuelekea barabarani kwenye vumbi la malori. Erica alifikiri kwa bidii, kama alivyofikiri siku ya kikao.

"Mama," alisema, "kwani hapa Msalato tu tukiweka alama nyingine? Wasijue ni sisi?"

Mama alisimama. Waliliteremsha gunia.

"Erica, mtu anafika sokoni jioni amechoka, watoto wanamngoja wale. Hana nafasi ya kuchunguza nani kachekecha na nani hakuchekecha. Anamtafuta kobe, basi. Tumemfundisha miaka yote amtafute kobe, popote atakapotukuta, na ndani ya mfuko akute kilekile. Wewe ulimfundisha kwamba hana haja ya kutafuta chochote. Ukishamfundisha hivyo, kila mwongo ni ndugu yako. Sasa unataka tujifiche tena, ili akija kutugundua tusiwe na uso hata mmoja?"

Erica aliinama, akamfuta vumbi kobe wa guniani.

"Wanaomkataa kobe pale, wamkatae," Mama alisema. "Wakitaka kurudi siku moja, wamkute yuleyule. Kesho tunakwenda Hombolo kuwaambia akina mama kwamba magunia yao yatabaki ndani mwaka huu. Utasema wewe."

"Nitasemaje?"

"Kama ilivyotokea."

Mama alishika upande wake wa gunia, akamngoja Erica ashike wa kwake.