Mteremko Ulio Wazi

Duka la pembejeo lilijaa watu mpaka mlangoni siku mwanamke na mwanamume walipogombea furushi la mwisho la viriba vya kuoteshea miche. Mwanamke alikuwa fundi wa kushona, katika gauni la bluu alilolikata mwenyewe. Mwanamume, Bwana Misitu wa mji ule, alivaa sare ya idara ya misitu, imepigwa pasi vizuri lakini imepungukiwa kifungo.

"Kaka, niachie. Wewe una serikali nzima nyuma yako."

"Serikali haina viriba, dada. Ndiyo maana niko hapa."

"Hata vifungo haina, naona."

Bwana Misitu alicheka mpaka akaliachia furushi. Fundi akaondoka na viriba, na namba yake ya simu juu.

Kumbe walikuwa wakihangaikia mlima mmoja, ule ulio juu ya mji. Kisheria ulikuwa wa idara, lakini idara ilikuwa na maofisa wachache na gari bovu. Waliozima moto na kuziba makorongo walikuwa Fundi na kikundi chake cha kujitolea, siku ambazo wenzao walipumzika. Penzi likakolea. Kila jioni simu iliita cherehani ikiwa bado inanguruma.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Ilibaki sauti yako tu."

"Utaniua, mpenzi."

"Usife kabla ya kutupa kibali."

Ulikuwa utani, lakini ombi la kikundi la kupanda miti mteremko mzima lilishafika mezani kwa Bwana Misitu. Tangu siku hiyo simu zikapungua, kisha zikakatika kabisa. Fundi alipiga, hakupokelewa. Akaamini kwamba amepatikana mwingine, akalia mpaka akailowesha nguo ya mteja.

"Mwanangu, mtu hanyamazi bure," shangazi yake alimwambia. "Subiri umsikie mwenyewe."

Siku ya kikao, wanakikundi walikaa nyuma ya ukumbi wa idara na nguo zao za kutokea. Miche ilishajaa viribani na mawingu yalishatanda. Bwana Misitu akasimama, amekonda, macho chini.

"Mheshimiwa Mkuu, siwezi kulitolea maoni ombi hili. Kiongozi wa kikundi ni mwanamke ninayetaka kumwoa. Nilidhani nikikaa mbali naye nitatenda haki. Nimemuumiza bure, na moyo wangu bado una upande."

Mkuu wa idara, mama mtu mzima, akavua miwani.

"Binti, sina budi kukuuliza. Ni kweli? Kama bwana huyu kajiposea peke yake, tunaendelea leo. Kama ni kweli, ombi litaanza upya kwa ofisa mwingine, na kikao kijacho ni baada ya mvua, msimu wa kupanda ukiwa umepita."

Wachache walicheka. Fundi hakucheka. Msimu uliopita tope la mteremko ule lilizifukia nyumba za chini, na waliozifukua walikuwa hao hao walioketi nyuma yake. Neno moja tu, hapana, lingetosha. Alimtazama Bwana Misitu, akamwona akimtikisia kichwa taratibu. Alikuwa anamruhusu amkane.

"Ni kweli," alisema. "Nampenda, na nimekubali. Siwezi kuuombea mlima kwa uongo."

Nyuma yake mtu aliguna kwa uchungu. Jalada likafungwa.

Ngazini, wanakikundi wengine waliwapita bila hata kuwaaga. Fundi alitamani ardhi immeze.

"Nimekuponza, mpenzi," Bwana Misitu alisema.

"Ungeniambia tu. Ningevumilia kila kitu isipokuwa ule ukimya."

Shangazi alikuja nyuma yao akijikongoja.

"Mkwe, hongera na pole. Kiangazi kizima miche hiyo itataka maji ya ndoo."

"Nitabeba, shangazi."

"Utabeba, tena sana. Na wa nyumba za chini tutawaambia nini?"

Matone ya kwanza yalianza kupiga bati, kisha mvua ikashuka kwa nguvu juu ya mlima. Fundi akaushika mkono wa mchumba wake, machozi yakimtoka, wakashuka pamoja kwenda kuwahamisha watu wa nyumba za chini.