Gauni Lisilopitishwa Sumaku

"Shika! Shika uone ulichotaka kumfanyia mwanangu!"

Gauni la mtoto likatua juu ya cherehani, jeupe rangi ya maziwa, bado na mkunjo wa pasi. Ndani ya kola, ikimeta kama jicho la nyoka, pini.

Fundi hakuigusa. Mguu ulimponyoka kwenye pedeli, cherehani ikanguruma tupu, ikakata uzi, ikanyamaza.

"Wifi... mtoto yuko salama?"

"Salama kwa rehema za Mungu, si kwa mikono yako. Nilipapasa shingo kabla sijamvisha. Ningemvisha je? Ungekuja kunishonea na sanda?"

Wateja kwenye benchi wakaacha soga. Mmoja akavuta kitambaa chake kutoka mezani polepole, kama mtu anayetoa mkono kinywani mwa mbwa.

"Mwambie kaka yangu mwenyewe," Wifi akasema, akiwa ameshafika mlangoni. "La sivyo namwambia mimi. Na harusi mtaisikia kwa majirani."

Kaka yake huyo ndiye mchumba, fundi wa funguo mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima ulimwita Kufuli, hata mama yake mzazi. Na pini ile ndiyo Fundi aliyokuwa akiiota miaka yote, macho wazi.

Kwa maana ugonjwa wake haukuanza na pini yoyote. Ulianza na wazo: *Umeacha pini. Mtoto atachomwa. Utaua.* Akageuza nguo nje ndani, akapapasa pindo, wazo likanyamaza. Halafu likarudi na wenzake. Ikawa kupapasa hakutoshi, anafumua. Kufumua hakutoshi, anamfuata mteja hadi kwake: "Samahani dada, naomba gauni lako kidogo." Vidole vikachubuka. Mtaa ukacheka, ukampa majina: Mpapasaji, Mama Pini, na mengine ya kusemewa mgongoni. Aliyevunjika mguu huletewa matunda. Aliyevunjwa na mawazo huletewa jina. Waliompa majina hayo walikuwa wamevaa nguo alizoshona yeye, na leo wakiulizwa watasema walikuwa wanatania tu.

Kufuli hakucheka. Alimletea sumaku aliyokuwa akiokotea vispringi vya kufuli sakafuni.

"Nguo ikipita hapa, mpenzi, pini haina pa kujificha."

Usiku ule Fundi alilala kama mtoto. Baada ya siku chache akataka ipitishwe tena. Kisha aipitishe Kufuli mwenyewe. Kisha aape. Kufuli akawa anaacha mteja kafungiwa nje ya nyumba yake, anavuka barabara mbio kwenda kuapia sketi.

Ndipo wakaenda hospitali, kwa mtaalamu wa tiba ya tabia, mama mmoja mwenye miwani na maneno ya taratibu.

"Huyu haumwi na pini," alimwambia Kufuli. "Anaumwa na kutaka hakika. Na wewe unampikia hakika kila siku. Akila, njaa inazidi."

"Kwa hiyo nimwache ateseke?"

"Abaki na hofu bila kukagua, mpaka hofu ichoke yenyewe. Tutapanda kama ngazi. Tuanze na foronya, twende kwenye nguo za wakubwa, mwisho nguo ya mtoto. Na akikuuliza 'Una hakika?' jibu ni moja: 'Sijui.'"

Walikubaliana. Foronya zikapita, sketi zikapita, suruali zikapita. Gauni lile la maziwa ndilo lililokuwa ngazi ya juu. Fundi alilishona, akalipiga pasi, akalikunja bila kuligeuza, jasho likimtiririka mgongoni.

"Una hakika halina kitu?" alimuuliza Kufuli.

Kufuli alitia mkono mfukoni. "Sijui, mpenzi."

Akalichukua, akalipeleka kwao. Na sasa hili.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Wifi: *Kikao leo alasiri kwa Mama. Uje na akili, kama bado unazo.*

Fundi akampigia mtaalamu.

"Imetokea. Ilikuwepo kweli."

"Mtoto ameumia?"

"Hapana."

"Pole sana. Hofu inakwambia ufanye nini?"

"Niwaite watu wote. Nifumue kila nguo niliyowahi kushona."

"Ukishamaliza zote?"

Barabarani muuza maji alikuwa akipiga kengele.

"Nitaanza upya."

"Sitakwambia haikuwepo. Fundi yeyote anaweza kusahau pini. Kutibiwa si kuahidiwa kwamba halitatokea."

"Ni nini basi?"

"Ni kushona kesho."

Alasiri Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, Wifi kwenye kochi na mtoto mapajani, gauni limetandazwa mezani kama maiti inayosubiri kutambuliwa. Kufuli alisimama mlangoni, mkono mmoja mfukoni. Hakumwangalia mchumba wake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Mama akavuta pumzi. "Mimi nakupenda, unajua. Lakini nyumba yenye mtoto..."

"Mama, usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa," Wifi akadakia. "Sema. Daktari gani anamfundisha mtu asikague kazi yake? Rubani naye asikague ndege?"

"Rubani akikagua siku nzima, wifi, ndege hairuki."

"Ona! Ana mdomo!"

"Nyamaza kidogo," Mama akasema. "Mwanangu, hii pini uliisahau?"

Chumba kikawa kidogo. Fundi alihisi vidole vyake vikitaka kola ile, vikitaka kuipapasa, kurudia kila hatua, kula kiapo. Akavikalia.

"Inawezekana, Mama. Kama niliisahau, naomba radhi kwako, kwa wifi na kwa mtoto. Lakini sitaapa kwamba sikuisahau."

"Amekiri!" Wifi akapiga kofi. "Umesikia, Kufuli? Amekiri kwa kinywa chake!"

"Hakuisahau."

Wote wakageuka. Sauti ya Kufuli ilikuwa imekwaruza kama ufunguo ndani ya kutu.

"Umejuaje?" Mama akauliza.

Akatoa mkono mfukoni. Sumaku.

"Nililipitisha. Nyuma ya kibanda changu, kabla sijalileta. Kola, pindo, mikono. Halikuwa na kitu. Nikamkabidhi dada mkononi."

Mtoto akacheka peke yake, akinyoosha mkono kwa kile chuma kinachong'aa.

Mama alimgeukia bintiye polepole sana. "Basi pini imeingiaje?"

"Mama, sumaku nayo inaweza..."

"Nimekuzaa mimi. Imeingiaje?"

Wifi alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalama.

"Akiingia yeye, mimi naenda wapi?" Maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Nilirudi hapa na begi na mimba, mkaniambia kile chumba ni changu. Juzi nikamkuta Kufuli anakipima. Anakipima kwa ajili ya cherehani! Nisingemdhuru mwanangu mimi, niliichomeka ili muione tu."

Fundi alikumbuka wiki ile Wifi aliporudi na begi, mtaa ukisema kaachika. Nani alimshonea nguo za uzazi bila kuuliza baba yuko wapi? Alikumbuka vizuri sana. Ila hakulisema.

"Cherehani yangu ina duka lake," alisema. "Ungeniuliza, wifi. Swali tu."

Kufuli alimsogelea, uso umemfunguka kwa nafuu. "Mpenzi, umesikia? Si wewe! Mikono yako ni safi!"

Fundi akarudi nyuma hatua moja.

"Uliniambia hujui."

"Nili..."

"Ulinitazama natetemeka, ukasema hujui, kumbe chuma kiko mfukoni. Gauni hili tu?"

Kufuli akatazama sakafu.

"Nakuuliza. Hili tu?"

"Zote. Foronya pia."

"Kumbe ngazi yote nimepanda nikiwa nimebebwa bila kujua."

"Niliogopa!"

"Na mimi nilikuwa nakunywa chai? Wifi ameniwekea pini moja. Wewe umenitafutia pini katika kila nilichogusa, halafu unarudi kunibusu."

"Nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana imeniuma. Yeye nilimtarajia."

Akavua pete, akaiweka juu ya kola ile ya maziwa, kando ya pini, akatoka.

Siku zikaja kimya. Ng'ambo ya barabara kibanda cha funguo kilifunguliwa na kufungwa, wala hakuna aliyevuka. Fundi alishona. Hofu ilikuja kila asubuhi ikakaa naye mezani kama mgeni asiye na haya: *Je, siku ile sumaku ilikosea?* Vidole vikamwasha. Aliiacha ikae, akatia uzi. Kuna siku ilikaa mpaka jioni. Kuna siku iliondoka mapema, bila kuaga. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumbeba.

Siku moja ujumbe wa Kufuli ukaingia kwenye simu.

*Leo nimekaa kiti chako kwa mtaalamu. Kaniuliza naogopa nini. Nimesema kukupoteza. Kaniuliza nifanye nini ili niwe na hakika hutaniacha. Nimesema sijui.*

Fundi alisoma mpaka pasi ikaunguza kitambaa. Akaandika:

*Kitambaa kilichoungua nikikusoma utakinunua wewe. Njoo. Bila kitu mfukoni.*

Kufuli akavuka barabara akigeuza mifuko yote nje, vitambaa vikining'inia kama masikio ya sungura, na wateja kwenye benchi wakaangua kicheko. Fundi naye alicheka, kwanza kwa hasira.

Gauni la harusi alilishona mwenyewe, akalikunja bila kuligeuza.

Asubuhi ya siku yenyewe Wifi alifika na mtoto mgongoni. Alisimama kizingitini, macho chini.

"Nimemvalisha lile la maziwa," akasema. "Nimeona nikuulize kwanza kama niingie naye."

Fundi aliitazama kola ile kwa muda mrefu. Vidole vilimkaza. Hakuigusa.

"Ingia, wifi. Umependeza hata wewe."

Fundi na Kufuli wakaingia ukumbini mkono kwa mkono, vigelegele vikapasua hewa. Hatua chache kabla ya meza ya kutia saini, kitu kikamchoma Fundi kiunoni. Kidogo. Kikali. Huenda uzi mgumu. Huenda sivyo. Akasimama.

Kufuli aliona uso wake ukibadilika. Mkono wake ukaruka wenyewe mfukoni, ukakuta kitambaa kitupu, ukabaki humo.

"Vipi?" akanong'ona. "Kuna kitu?"

Watu wote walikuwa wakiwatazama.

"Sijui," Fundi akasema, akamkaza mkono. "Twende."