Kabati la Mama Elinaza

Shangazi yangu Tabea alikuwa mtu wa kanisani, si mtu wa kutunga hadithi. Kisa hiki alinisimulia mwenyewe mchana mmoja akichambua maharage, bila kuniangalia usoni.

Ilikuwa Februari 1952. Alikuwa akikaa juu kidogo ya Makumira, nyumba ya bati katikati ya migomba na kahawa. Siku hiyo alirudi kutoka Arusha mjini, dukani kwa Jamaludin, na karatasi nne za msasa, kopo la vanishi na brashi moja. Binti yake Eunike alikuwa amechumbiwa, na wakwe walikuwa waje mwezi wa tatu. Kabati jipya la fundi hakuliweza. Lakini chumbani alikuwa na la zamani, la mbao nzuri, lililochakaa tu. Ukilikwangua rangi, ukaziba matundu kwa unga wa mbao na gundi, kisha ukalipaka vanishi, hakuna ambaye angelitambua.

Na hicho ndicho alichotaka. Lisitambulike.

Kwa sababu halikuwa lake. Lilikuwa la rafiki yake Evaresta. Novemba iliyopita, Serikali ilipowaondoa Wameru Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, Evaresta na mumewe Sumari walilala kwa shangazi siku mbili, wakielekea Kingori. Mtoto wao Elinaza, wa miaka minne, alikuwa akilazwa ndani ya droo ya chini ya kabati lile tangu alipozaliwa. Hata siku hizo mbili alijikunja humo humo, akagoma kulala kwingine.

"Nitunzie, Mama Eunike," Evaresta alimwambia. "Tukipata pa kukaa nitalifuata."

Januari, Sumari akaja kulichukua. Shangazi akampa chai, kisha akamwambia kwamba mchwa walilila, na yeye alishalichanja kuni.

Sumari aliinamisha kichwa. "Basi, dada. Ni mtoto tu, analiulizia kila siku."

Alimaliza chai yake ameupa mgongo mlango wa chumba. Nyuma ya mlango ule kabati lilikuwa limesimama, limefunikwa turubai.

Shangazi alianza kazi Jumatatu, nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha migomba. Rangi ya kijani ilitoka kwa karatasi ya kwanza. Ya pili ikafikia mbao. Kwa karatasi ya tatu, mbao zikatoa maji. Akadhani ni utomvu, akafuta kwa kitambaa. Yakatoka tena. Membamba, mekundu kidogo.

Kisha akasikia sauti. Kila alipopitisha msasa, ndani ya kabati kitu kilivuta pumzi kwa meno, kama mtoto anayesafishwa kidonda. Akaacha. Kimya. Akasugua. Ikaja. Akavuta droo ya chini. Tupu.

"Niliendelea," aliniambia, mikono imesimama juu ya maharage. "Hilo ndilo linaloniua. Nilisikia, nikaendelea."

Jioni akapaka vanishi. Jumanne ilikuwa bado mbichi, na lile lilikuwa jua la Februari. Akaweka kiganja juu ya mlango. Mbao zilikuwa za moto. Si moto wa jua. Moto wa paji la uso la mtoto mwenye homa.

Jumatano moto ukazidi. Milango ikaanza kutetemeka, ikigongana taratibu, kama meno. Hakukuwa na upepo.

Alhamisi, saa tisa alasiri, ikanyamaza. Shangazi akasogea. Akagusa.

Baridi. Vanishi imekauka, laini kama kioo.

Jumamosi habari zikafika. Elinaza amefariki. Homa. Alhamisi, saa tisa.

Shangazi alipanda lori hadi Kikatiti, akaendelea kwa miguu hadi Kingori. Alimkuta Evaresta mkekani, kati ya wanawake wa msiba. Akapiga magoti. "Pole, Mama Elinaza."

Evaresta akamvuta karibu, akamnong'oneza sikioni.

"Ilianza Jumatatu. Ngozi ilimtoka mgongoni, kama inakwanguliwa. Akawa analia, 'Mwambie Mama Eunike aache.'"

Shangazi akajaribu kujitoa, Evaresta hakumwachia.

"Nikamwambia, Mama Eunike yuko mbali, mwanangu. Akasema hapana. Akasema, 'Yuko hapa. Ana karatasi.'"

"Kabati lipo," shangazi akanong'ona. "Nilimdanganya mumeo."

"Najua. Tulimwosha mara tatu kabla ya kumzika. Harufu ya vanishi haikutoka."

Hakumtukana. Hakumfukuza. Shangazi alisema afadhali angemfukuza.

Wiki iliyofuata alilipeleka kabati kwa mkokoteni wa ng'ombe. Evaresta alilitazama lilivyong'aa, akaingia ndani, akafunga mlango. Likabaki uani, likanyeshewa masika yote. Wakwe wa Eunike walikuja, wakala, wakasifu chakula. Shangazi hakumeza tonge. Mchungaji alimwombea, na Sumari mwenyewe alikuja baadaye kumwambia amemsamehe. Alimshukuru, kisha akalia mpaka Sumari akaondoka.

Nilidhani kisa kiliishia hapo. Lakini mwaka 1956, wakati huo tayari nikiwa mwalimu, nilimsindikiza kujiandikisha kwenye chama cha wakulima wa kahawa. Hakujua kusoma, kwa hiyo karani, kijana mmoja aliyeitwa Mika, akamsogezea wino aweke dole gumba. Shangazi aliuficha mkono ndani ya kanga. Nikamhimiza. Akautoa polepole, akabonyeza.

Mika akatazama daftari. "Samahani, mama. Nimeomba kidole chako wewe."

"Ni changu," shangazi akasema, kwa sauti ndogo sana.

Mika akamshika kiganja, akalipaka dole lile wino mwenyewe, akalikandamiza kwenye karatasi, akaliinua. Nilikuwa nimeinama pembeni yake. Dole la shangazi lilikuwa pana, limepasuka kwa jembe.

Alama iliyobaki kwenye karatasi ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, mistari yake myembamba, mizima, ya mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kwenda shule.

Mika akafunga daftari kabla wino haujakauka.