Ndevu Zilizogoma

Asubuhi moja, korido ya maduka ikiwa imefurika watu, mwanamume aliingia saluni mbio akiwa amenyolewa shavu moja. La pili lilikuwa pori tupu. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Mashine imenifia mkononi," alimwambia kinyozi. "Nina usaili baada ya nusu saa. Niokoe, dada yangu."

"Kaa. Na usicheke, nitakukata."

"Mbona wewe ndiye unayecheka?"

Alikuwa anacheka kweli. Alisawazisha mashavu, akamwachia ndevu fupi kidevuni, na mstari wake akaupindisha chini ya taya ili ufiche kovu la utotoni. Katika miaka tisa ya kazi hakuwahi kumkatia mteja mstari wa namna hiyo.

Kazi ya ufundi wa lifti akaipata. Jumamosi iliyofuata alirudi kushukuru, ya pili akarudi kutania, na kabla ya mwaka kwisha wakawa wanatafuta nyumba ya kuhamia wakioana. Ndevu zake zilikuwa za fujo. Kila Jumamosi zilirudi zikimkwaruza kinyozi viganja, naye alizipenda.

Kisha fundi akaanza kupotea. Wiki mbili, wiki tatu, na akija kumchukua watoke, mashavu yake ni safi kama yaliyonyolewa jana. Kinyozi akimwegemea, anasogea kando. Hilo lilimuuma kuliko yote.

"Laazizi, leo tena huji?" alimpigia simu.

"Nimechoka, mpenzi. Kichwa kinanigonga."

"Kila wiki kichwa? Na hizo ndevu unanyolewa na nani?"

"Sinyolewi na mtu."

Dada yake kinyozi, aliyesuka nywele kwenye kiti cha pili, alisikia yote. "Mdogo wangu, ndevu hazijinyoi zenyewe," alisema. "Huko kuna mkono mwingine."

Kinyozi akalia, kisha akaandika ujumbe: usinitafute tena.

Siku nne baadaye fundi alikuja saluni kurudisha ufunguo wa chumba cha kinyozi. Kinyozi alikuwa amevaa gauni la zambarau na hereni ndefu, ili asionekane ameumia. Moyoni alikuwa hoi.

"Kaa nikunyoe mara ya mwisho," alisema kwa ukali. "Usije ukaniaibisha huko uendako."

Alimgeuza uso kwenye mwanga, na mkono ukasimama hewani. Mstari ulikuwa wake. Ule ule uliopindishwa chini ya taya, aliouchora mwenyewe mwezi mzima nyuma, na ni unywele mmoja mmoja tu uliouvuka.

"Hujaguswa na mtu," alisema polepole.

"Si nimekwambia?"

"Basi mbona hazioti?"

Fundi alitazama sakafu. "Sijui. Zimegoma, na si hizo tu. Nguvu zimeniisha. Hamu ya mwanamume kwa mkewe mtarajiwa, sina. Nilikuwa naona aibu kukwambia, nikawa nakukimbia."

Kinyozi alivua aproni. "Inuka twende hospitali. Aibu tutaionea huko huko."

Damu ilichukuliwa asubuhi ya kesho yake, maana ndiyo saa homoni ya kiume huwa juu, kisha ikafuata picha ya kichwa. Daktari, mama mwenye sauti ya upole, aliwaeleza wote wawili.

"Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Hiyo ndiyo inayoziamuru korodani zitengeneze homoni ya kiume. Ikitosha kwenye damu, ubongo unapunguza amri, ikipungua, unaongeza. Yako ina kivimbe, si saratani. Kinamwaga kwa wingi homoni ya maziwa, ile ya mama anayenyonyesha, na hiyo ndiyo inayozima amri."

"Ya maziwa? Mimi?"

"Hata wanaume mnayo, kidogo. Kuna vidonge, na wengi vinawafaa. Ila kingeendelea kukua, kingebana mishipa ya macho. Nani aliyeshtukia mapema hivi?"

"Kinyozi wangu," fundi alisema.

Nje ya dirisha la dawa walikaa kwenye benchi. Kinyozi alimshukuru Mungu kimoyomoyo, akaishukuru na mikono yake.

"Nisamehe, mpenzi. Nilikuhukumu bila kosa."

"Nisamehe mimi niliyenyamaza. Macho haya nakuona nayo kwa sababu yako. Asante, kipenzi, asante sana." Alishika pakiti ya vidonge bila kuifungua. "Nina swali, na nataka nikuulize kabla sijameza hata kimoja. Daktari amesema itachukua wiki, pengine miezi, nguvu zirudi. Sasa hivi mwilini sina kinachonisukuma kwako, na bado wewe ndiye ninayekutaka. Utaolewa na mimi? Nauliza leo, usije ukadhani ni homoni zinazosema."

Kinyozi alifuta machozi kwa pindo la mtandio, akafungua chupa ya maji, akampa.

"Nitaolewa na wewe," alisema. "Sasa meza dawa."